Taa ya Katikati: Mjadala wa Nuru katika Nyumba Ndogo

Mtu aliyezoea nyumba ya Mji Mkongwe wa Unguja, yenye dari ndefu na ua wa ndani unaopokea jua tangu asubuhi, akihamia katika fleti ya Michenzani yenye sebule, chumba kimoja cha kulala, jiko na choo, hukuta kwamba mambo mengi ambayo hapo kwanza hayakumshughulisha sasa yanamdai fikira, na miongoni mwao ni hili la taa. Kwani katika nyumba kubwa taa mbaya hupotelea katika nafasi, ilhali katika nyumba ndogo humkabili mwenye nyumba usoni kila usiku. Majumba hayo ya Michenzani, yaliyoanza kujengwa enzi za Mzee Abeid Amani Karume kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, ni kama fleti nyingi za zama zile: aghlabu utakuta waya mmoja unaoshuka katikati ya dari, na swichi moja mlangoni, na basi.

Mintarafu ya waya huo nimewaketisha hapa wasemaji wanne, wa kubuni wote. Wa kwanza ni Bibi Arusi, ambaye ndiye anayehamia, na fleti ni ya kupanga. Wa pili ni Shangazi yake, mshona kofia, ambaye macho yake yamepita miaka sitini. Wa tatu ni Ami yake, mwalimu mstaafu wa sayansi, na wa nne ni Fundi wa umeme, aliyeitwa kuja kupima akakuta mjadala umekwisha kuanza. Swali lao ni moja: je, taa ya katikati inatosha, au iondoke? Na msomaji ajue mapema kwamba mimi si kadhi katika shauri hili. Nimeelemea upande mmoja, na nitajizuia kadiri niwezavyo, yaani kidogo.

SHANGAZI: Nianze mimi, maana mkubwa hutangulizwa, na maana nyote mnajua nitakalosema. Mgeni akipiga hodi usiku akakaribishwa, jambo la kwanza analostahiki ni kuonwa uso wake na kuuona uso wa mwenyeji wake. Na nyumba yenye vijitaa pembeni, kimoja nyuma ya kochi na kimoja juu ya kabati, humfanya mgeni ajiulize kama amekuja wakati mbaya, au kama umeme wa mita unakaribia kwisha na mwenye nyumba anaona haya kusema. Tena nyinyi vijana mnalisifu giza la pembeni kwa sababu hamkulala nalo. Sisi tuliosoma Kurani kwa kibatari, na kula kwa kandili moja iliyowekwa katikati ya mkeka, tukiinama sote kuielekea, tulijua kwamba nje ya duara lile kuna nge, kuna tandu, na kuna mtoto aliyekosa nafasi ya mbele ambaye usiku ule hakusoma. Taa ya darini ilipokuja iliondoa ubaguzi: aliye mlangoni akapata sawa na aliye dirishani. Leo mnaniambia niizime?

Hoja hii ni nzito kuliko inavyosikika mara ya kwanza, na waandikao juu ya mapambo ya nyumba huipita mbio kana kwamba ni ushamba. Kwa mtu aliyekulia katika upungufu wa nuru, nuru nyingi ni haki iliyochelewa kufika, wala hapendi kuambiwa na waliozaliwa nayo kwamba imezidi.

BIBI ARUSI: Shikamoo tena, Shangazi, kabla sijakupinga. Sikatai kwamba mgeni astahiki kuonwa. Ninalosema ni kwamba ile taa ya darini haimwonyeshi. Mtazame Ami alivyoketi chini yake: paji la uso linang'aa, macho yamezama katika vivuli viwili, na chini ya pua pana kivuli cha tatu, asiyemjua atampa pole ya homa. Na sebule yenyewe, kutoka ukuta hadi ukuta, ni hatua chache. Ukiiangaza kutoka katikati, jicho huiona meza na zulia kwa mara moja, kisha hugota kwenye kuta zilizofifia, likajua kwamba chumba kimekwisha. Mimi nataka nuru iende ukutani kwanza, ipande mpaka darini, irudi chini ikiwa imelainika. Ukuta ukiangazwa husogea mbali.

SHANGAZI: Ukuta wa zege usogee!

AMI: Hausogei, dada yangu, lakini jicho hupima ukubwa wa chumba kwa mipaka yake, na mpaka uliong'aa huonekana mbali kuliko uliofifia. Amesema kweli mwanangu, ila hakutaja ile sababu nyingine iliyo kubwa zaidi. Nuru itokayo katika nukta hupungua kwa mraba wa umbali: kitu kilicho mita moja kutoka kwenye globu, ukikisogeza kikawa mita mbili, hakipati nusu ya nuru bali hupata robo, na kikiwa mita tatu hupata sehemu moja katika tisa. Basi taa iliyo mita mbili kutoka kwenye kitabu kilicho mapajani yalazimu iwe na nguvu mara 16 ndipo ilingane na kijitaa kilicho nusu mita kutoka kitabu kile kile. Mnalipia umeme wa kuangaza zulia na miguu ya meza, mkitaraji kwamba kidogo kitakachobaki kitamfaa msomaji. Kadhalika jikoni: mpishi husimama baina ya taa na kaunta, akakata vitunguu katika kivuli chake mwenyewe, kisha hulaumiwa kisu.

FUNDI: Kwa ruhusa yako, Mwalimu. Hesabu yako ni ya globu iliyoning'inizwa angani, na hiki ni chumba. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe hurudisha takriban asilimia 80 ya nuru inayoufikia, kwa hiyo katika chumba kidogo cheupe taa moja hujizidisha yenyewe, na ile robo yako huongezeka ikawa zaidi ya robo. Ila Bibi Arusi ameleta kabati la mninga na mapazia ya zambarau, na hivyo vyote humeza. Mimi huwaambia wateja: kabla hamjanunua globu ya tatu, pakeni ukuta. Rangi mnailipia mara moja, nayo haisomwi na mita.

Hapa Ami alitaka kuendelea na nadharia, lakini Fundi alikwisha kufungua mkoba wake, na mtu aliyefungua mkoba huwa na nguvu zaidi ya kusema kuliko asiye nao.

FUNDI: Watu huja dukani wakaomba wati. Wati ni umeme unaoliwa, si nuru inayotolewa. Nuru huhesabiwa kwa lumeni, nayo imeandikwa kwenye boksi kwa herufi ndogo ambazo muuzaji hana haja nazo. Globu ya kale ya wati 60 ilitoa lumeni kama 700 au 800, na zaidi ya sehemu tisini katika mia za umeme wake ziliishia kuwa joto, katika nchi isiyo na upungufu wa joto. Leo globu ya LED ya wati 8 au 9 hutoa nuru hiyo hiyo. Sebule hii ni mita tatu kwa nne. Mkitaka lumeni 150 kwa kila mita ya mraba, ambazo zatosha kwa mazungumzo na chakula, mnahitaji 1,800 kwa jumla, yaani globu mbili za wati 9 na kijitaa kidogo cha tatu. Kama zote tatu zitatundikwa darini, au zitagawanywa pembeni, mita haijui tofauti. Kwa hiyo msibishane kwa hoja ya gharama. Bishaneni kwa hoja nyingine.

SHANGAZI: Basi nabishana kwa hoja ya weupe. Mkizigawanya, mtatia zile za njano. Njano ni rangi ya moshi, ni rangi ya chemni ambayo kioo chake hakijafutwa. Nyeupe ni safi, na katika joto la kaskazi ukiiwasha chumba hupoa.

BIBI ARUSI: Hupoa moyoni tu, Shangazi.

SHANGAZI: Na moyoni si mahali?

AMI: Na tuieleze rangi hii kabla hatujaigombania. Hupimwa kwa kelvini. Mwali wa mshumaa ni kama 1,900, globu ya kale ni kama 2,700, na ile tyubu nyeupe ambayo dada yangu anaipenda ni 6,500, ambayo ni kama mbingu ya mchana yenye mawingu. Na ajabu yake ni kwamba iitwayo baridi ndiyo yenye namba kubwa. Kwani chuma kikitiwa moto huanza kuwa chekundu, kisha manjano, kisha cheupe, na lau kingeweza kuvumilia bila kuyeyuka kingekuwa cha buluu. Sasa, ndani ya jicho la mwanadamu, ghairi ya chembe zinazotuwezesha kuona, zimo nyingine ambazo kazi yake ni kuuarifu mwili kama ni mchana au usiku, na hizo husisimka zaidi kwa nuru ya buluu. Nuru hiyo ikizidi baada ya isha, mwili huchelewa kutoa homoni ya melatonini iletayo usingizi. Mtu anayekaa chini ya kelvini 6,500 mpaka saa tano za usiku anauambia mwili wake kwamba adhuhuri haijapita, kisha analalamika kwamba usingizi umemkimbia.

Na ni taa za LED zenyewe zilizotufikisha katika shauri hili la rangi. Muda mrefu zilipatikana nyekundu na za kijani tu, na bila ya buluu haikuwezekana kutengeneza nyeupe. Mpaka Wajapani wawili, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura, naye mzaliwa wa Japani, walipoipata ile ya buluu, na kwa kazi hiyo wakatunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Globu nyeupe unayoinunua leo Darajani ni buluu iliyopakwa unga wa manjano juu yake: unga ukiwa mwingi hutoka nuru ya joto, ukiwa mchache hutoka ile nyeupe ya kukata. Kwa hiyo Shangazi anaposema kwamba njano ni uchafu wa nyeupe, anasema jambo ambalo kiwandani ni kama kweli, ijapokuwa si kwa maana anayoikusudia.

FUNDI: Kelvini ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni namba inayopima uaminifu wa rangi, ambayo ukomo wake ni 100. Globu ya kale, pamoja na ubadhirifu wake wote, ilikaribia 100 kamili. LED nzuri hufika 90, nyingi ni 80, na zipo rahisi ambazo haziandiki kitu, na asiyeandika huwa ana sababu. Chini ya taa dhaifu kwa namba hiyo, nyekundu hufa kwanza. Kanga uliyoichagua mchana ikarudi nyumbani ikawa kahawia, haikubadilika kanga. Na samaki, ambaye mashavu yake ndiyo shahidi wake, hutoa ushahidi wa uongo.

BIBI ARUSI: Basi jikoni iwe 90.

FUNDI: Jikoni, na mbele ya kioo unapojipamba. Kwingine 80 yatosha.

Mjadala ungeweza kubaki hapo, kila mmoja ameshika namba yake, lau si kofia. Shangazi hatembei bila kazi yake, na wakati wengine wakisema yeye alikuwa amekwisha kuitoa: kitambaa cheupe, uzi mweupe, na viua vidogo vidogo vilivyotobolewa safu kwa safu na kuzungushiwa uzi, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mtama. Alikuwa ameinua mkono mpaka usawa wa pua, ameigeuza kofia huku na huku chini ya globu ya darini, akitafuta alipoishia. Ami, ambaye hakuacha ualimu alipostaafu, alimwomba aishushe mapajani, kisha akaichukua tochi ya Fundi, akaiweka kando ya kofia, chini kabisa, hata nuru ikapita juu ya kitambaa kwa kulalia badala ya kukiangukia.

Nani asiyejua kwamba nyeupe juu ya nyeupe haionekani? Nuru inayotoka juu huangukia uzi na kitambaa sawasawa, vyote viwili vikarudisha sawasawa, na jicho likakosa la kushika. Ile ya pembeni ilifanya kila mshono utupe kivuli chembamba upande wa pili, na kila kiua kikawa shimo jeusi lenye ukingo ulioinuka. Safu zikahesabika, na pale Shangazi alipoishia pakaonekana dhahiri, uzi umelala kwa mkato. Tochi ile ilikuwa na nguvu ndogo sana kuliko globu. Shangazi hakusema neno. Alitunga sindano mara moja bila ya kulamba uzi, akashona viua viwili, kisha akasema.

SHANGAZI: Hii ni taa ya kazi. Mimi sikupata kuipinga taa ya kazi. Cherehani ya marehemu mama ilikuwa na kitaa chake ubavuni, na hakuna aliyeita mapambo.

AMI: Na jua, dada yangu, kwamba jicho la mtu wa miaka sitini, kwa kuwa mboni hupungua na lenzi huingia umanjano, hupitisha nuru kama theluthi moja ya ile ipitayo katika jicho la kijana wa ishirini. Wewe unahitaji nuru nyingi kuliko huyu mtoto. Lakini lenzi hiyo hiyo hutawanya nuru inayoingia moja kwa moja, kwa hiyo globu iliyo wazi hukuumiza zaidi yake. Nuru nyingi, chanzo kimefichwa: hayo ndiyo matakwa ya mzee. Mdenmark Poul Henningsen alilifahamu hilo, akatengeneza taa yake ya vivuli vitatu, iliyojulikana mwaka 1926, ambayo ukiketi mezani huioni globu popote utakapoketi.

SHANGAZI: Umri wangu usiwe somo, kaka.

Nami nikubaliane na Ami, ila niongeze kwamba wapangaji wa taa kwa kawaida ni vijana, na wanaoumia ni wazazi wao wanapokuja kutembea. Fleti ya watu wawili Unguja si ya watu wawili. Ijumaa ina watu sita, Ramadhani ina kumi, na mmoja wao daima anatafuta miwani.

Chumba cha kulala hakikuchukua muda: taa mbili ndogo, kila upande wa kitanda yake na swichi yake, kelvini 2,700, ili anayeamka kula daku asimwamshe asiyefunga. Choo kilimalizwa na Fundi peke yake, aliyesema globu iwe ndani ya kioo kilichofungwa kisiingie mvuke, wala swichi isiwe mahali mtu anapoifikia akiwa anaoga. Hapakuwa na mpinzani.

Suala la umeme kukatika ndilo lililoamsha kumbukumbu. Ami alikumbusha mwaka 2008, ambapo Unguja ilikaa mwezi mzima bila ya umeme baada ya njia ya kutoka bara kuharibika, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu, mpaka kandili zikatolewa stoo na majenereta yakageuza vichochoro kuwa karakana. Kwa sebule ndogo Fundi alipendekeza globu moja yenye betri ndani yake, ambayo umeme ukikatika huendelea yenyewe kwa saa chache, nayo itiwe katika taa ya pembeni, si ya darini, kwa sababu wakati huo watu hukusanyika mahali pamoja. Shangazi akatabasamu: hata nyinyi, alisema, giza likiingia mnarudi kwenye duara la mkeka.

BIBI ARUSI: Sasa niambieni ninunue nini. Nyumba si yangu. Mwenyewe hataki ukuta uguswe.

FUNDI: Na hata angetaka, zege hili hulichimbi kwa siku moja. Tumia soketi zilizopo. Taa moja ya kusimama nyuma ya kochi, ielekezwe ukutani na darini. Taa moja ya mezani yenye shingo inayopinda, kwa kusoma na kwa kofia. Na jikoni, ule mkanda wa taa unaobandikwa chini ya kabati, ukutani kwa ndani, uangaze mikono na usiyafikie macho. Hivyo vyote vitakwenda nawe ukihama. Waya zipite nyuma ya samani. Nikikuta waya chini ya zulia nitaukata mwenyewe.

BIBI ARUSI: Na ya katikati?

FUNDI: Ibaki. Ni ya kutafuta kitu kilichoanguka, ni ya kufagia, ni ya mgeni wa ghafula. Itie kivuli cha karatasi au cha kitambaa, na globu ya 3,000.

SHANGAZI: Elfu nne.

AMI: Elfu nne ni wastani wa haki, dada yangu, na nyumba ni yake.

SHANGAZI: Nyumba ni yake, na hitma itasomwa na sisi. Watakapoketi wazee hapa na misahafu yao, kila mmoja na ukurasa wake, hiyo taa ya shingo itainama kwa nani? Siku hiyo natoka kwangu na globu yangu nyeupe mkobani, natia mwenyewe, na wakishaondoka natoa.

BIBI ARUSI: Hilo nakubali, Shangazi, kwa sharti kwamba utaitoa.

FUNDI: Basi hakikisha umenunua ya pini, mama. Holda hii si ya kuzungusha.